Gauni Lisilo na Mifuko

Muhula ukianza, usimtafute fundi cherehani kwa mazungumzo. Utamkuta macho mekundu, mgongo umepinda, na jibu lake kwa kila swali ni "mm". Fundi wa kona ya soko la zamani alikuwa hivyo hivyo, tena zaidi, maana alikuwa peke yake na cherehani yake moja ya kukanyaga. Sare zilirundikana mezani, zikajaa chini ya meza, na nyingine zikaning'inia dirishani zikizuia hata kile kiupepo kidogo kilichotaka kuingia. Sketi za buluu, mashati meupe. Sketi za buluu, mashati meupe. Ukifumba macho unaziona vilevile.

Binti yake alikuwa darasa la sita. Kila akitoka shule alipitia dukani, akaweka mkoba nyuma ya mlango, akaanza kushona vifungo. Mtaani walimwita Chapuchapu, kwa sababu hakuna kitu alichofanya polepole isipokuwa kuamka asubuhi.

Mama yake naye alikuwa na jina la mtaani. Walimwita Mama Kaa-Kwanza. Mteja akileta kitambaa cha nguo yake mwenyewe, si ya sare, fundi huyu hakugusa futi ya kupimia. Alisukuma kigoda na kusema, "Kaa kwanza." Kisha akauliza. Kazi yako unaifanya umesimama au umekaa? Ukichoka unashika wapi? Ukiwa peke yako nyumbani unafanya nini? Wengine waliudhika. Kuna bwana mmoja aliyewahi kumwambia, "Fundi, nimekuja kushonewa au kuposwa?"

Lakini bwana huyohuyo alirudi. Alikuwa fundi wa magari, akashonewa shati lenye mgongo mpana kwa sababu kutwa anainama. Mwalimu mmoja mpole, asiyesikika hata akipiga chafya, alishonewa gauni la kijivu, lakini ndani ya mikunjo yake mlikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa kilichoonekana akitembea tu. "Yule ndani yake mna kelele," mama alimwambia Chapuchapu. "Mwili hupimwa na yeyote mwenye futi. Mtu hapimwi kwa futi."

Yeye mwenyewe, kwa taarifa yako, alivaa gauni lililoungwa kwa mabaki ya sare.

Siku moja katikati ya msimu huo wa sare, mkunga wa zahanati aliingia dukani. Alikuwa amestaafu, na wenzake walipanga kumuaga Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alifungua mfuko wake akatoa kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, kimekunjwa hadi mikunjo imeacha alama.

"Nilikinunua nilipopata mshahara wangu wa kwanza," alisema. "Nikasema nikipata nafasi nitashona gauni. Nafasi yenyewe ndiyo hii sasa. Maisha yangu yote nimevaa sare, fundi. Nishonee kitu changu."

Mama alikipapasa kile kitambaa. Kilitosha gauni moja tu, na mwenzake usingempata tena duka lolote. Akatazama kigoda, akatazama lile rundo la sketi, akapumua.

"Leo nitakupima tu, mama," alisema. "Kukaa na wewe siwezi, nimezidiwa. Kesho nitamtuma binti yangu nyumbani kwako. Atakaa, atatazama, ataniambia. Macho yake ni kama yangu."

Chapuchapu alisikia hayo akavimba kichwa. Lakini kesho yake, alipotoka shule, kichwa kilikuwa kimekwisha kusinyaa. Siku hiyo walilima bustani ya shule tangu asubuhi, na alikuwa hoi bin taabani. Nyumba ya mkunga ilikuwa juu ya kilima. Alifika chini ya kilima, akautazama mwinuko, akakaa kwenye ukuta mfupi kupumzika kidogo tu. Ule udogo ukawa mrefu. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akapangusa sketi, akageuza njia akarudi.

Alijiambia kwamba haina neno. Yeye mkunga alimjua tayari. Si alimwona zahanati alipokwenda kuchomwa sindano? Mrefu, amenyooka, sare nyeupe isiyo na hata doa, hasemi ila lazima.

"Haya, niambie," mama alisema, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Ni mkimya," Chapuchapu alijibu. "Anakaa wima. Hapendi mchezo. Anapenda kufunikwa vizuri, kola mpaka juu, mikono mirefu."

"Na mikono yake? Akiwa amekaa inafanya nini?"

"Ameikunja tu. Imetulia."

Mama alisimamisha cherehani. Alitaka kuuliza jambo, lakini alipiga miayo, na lile swali likaondoka na miayo. Akaanza kuchora. Alikata kile kitambaa siku iliyofuata, na kila alipomaliza sare za siku hiyo, badala ya kunyoosha mgongo, alishona gauni. Chapuchapu alimwona akijikanda kiuno kwa ngumi. Alitaka kusema, akanyamaza. Kila siku aliyonyamaza, kusema kukawa kugumu zaidi.

Jumatatu mkunga alikuja kujaribu. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka.

Gauni lilikuwa limekaa sawa kila mahali. Kola imesimama hadi kooni, mikono imepita viwiko hadi viganjani, kiuno kimebana kwa heshima. Usingepata kosa hata moja la mshono. Lakini mkunga alisimama mbele ya kioo kama mtu aliyeambiwa asijitikise apigwe picha. Mikono yake ilipapasa nyongani, ikateleza. Ikapapasa tena, ikateleza, ikaning'inia kama haijui pa kwenda.

"Gauni zuri," alisema hatimaye. "Zuri kabisa. La nani?"

Mama alicheka kidogo akidhani ni utani. "Ni lako, mama."

"Nimevaa sare maisha yangu yote, mwanangu. Nikivaa sare najua. Hii ni sare ya rangi nyingine." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyesubiri mgeni kwa muda mrefu, kisha akaambiwa mgeni haji.

Mama aliketi kwenye kigoda cha wateja. Chapuchapu hakuwahi kumwona akikikalia.

"Basi ni macho yangu," mama alisema taratibu. "Zamani mtu akinisimulia nusu, mimi namwona mzima. Safari hii nimesimuliwa yote, na bado sikukuona. Nimechoka, mama. Nadhani hii kazi ya kuwashonea watu nguo zao imenitoka. Acha nibaki na sare. Sare haina mwenyewe, huwezi kumkosea."

Mkunga aligeuka polepole akamtazama Chapuchapu. *Nimesimuliwa yote.* Mkunga alijua kwamba hakuna mtoto aliyebisha mlango wake. Angeweza kusema palepale. Hakusema. Alivuta kiti, akakaa na lile gauni lake la kubana, akaanza kusubiri.

Hakuna aliyemuuliza Chapuchapu kitu. Angenyamaza tu, mambo yangepita, mama angeshona sketi za buluu na mashati meupe mpaka uzeeni, akiamini kwamba ameharibika macho. Alimtazama mama yake pale kwenye kigoda, mabega yameshuka, uzi mweupe umeng'ang'ania kwenye nywele. Akapiga moyo konde.

"Mama, sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kwa bibi. Niliishia chini ya kilima. Nilichoka, nikakaa, halafu nikarudi. Yale niliyokuambia niliyatunga. Nilieleza alivyokuwa zahanati."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilitazama gauni kutoka kola hadi pindo, akitazama kazi ya siku zote zile.

"Kitambaa kilikuwa kimoja tu," alisema.

"Najua, mama."

"Na ulikuwa unaniona ninavyokishona."

"Nilikuwa nakuona." Hapo Chapuchapu akalia.

Kisha mama akajifuta uso kwa upindo wa gauni lake la mabaki. "Kosa hili tumelifanya wawili," alisema. "Mimi ndiye ninayewaambia watu kaa kwanza, halafu nikakimbilia sare. Nilikutuma ukakae mahali pangu, na kukaa na mtu si kazi ya kumtuma mwingine. Lakini mimi sikukudanganya. Hilo ni lako peke yako, utalibeba mwenyewe."

"Mwache alie, kisha apumzike," mkunga alisema. "Kesho apande kilima. Sasa njia anaijua, amefika nusu."

Kesho yake Chapuchapu alipanda. Alipiga hodi, akaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa "Marahaba, karibu," kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya pili. Yule mkunga aliyenyooka wa zahanati hakuwepo. Palikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda kifupi, magoti huku na huku, miguu yake iliyovimba imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akimcheka paka wake aliyekwama kwenye kikapu.

"Miguu hii imesimama miaka mingi, sasa inadai haki yake," alisema. "Na wewe kaa. Umechoka, au kilima kimekuwa kifupi?"

"Nimechoka, bibi."

"Vizuri. Tuchoke pamoja."

Chapuchapu alikaa. Safari hii hakuharakisha lolote. Aliona kwamba bibi hakumaliza habari hata moja bila kuinua mikono yote miwili juu, na kwamba alipoanika nguo alikunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Aliona pia kwamba alikuwa amejifunga aproni kuukuu yenye mifuko miwili mikubwa, na akinyamaza tu, mikono ilizama humo. Alipoulizwa mna nini, bibi aliitoa hazina yake: mkasi mdogo, kipande cha uzi, peremende, kitambaa cha mkono.

"Zamani mkasi na uzi vilikuwa vya kazi," alisema. "Sasa sina kazi navyo. Ila mikono ikikosa mfuko, inaona kama imeachishwa kazi mara ya pili."

Chapuchapu aliyabeba hayo yote hadi dukani akamsimulia mama, bila kuongeza hata tone. Mama alisikiliza macho yamefumbwa. Alipofumbua, alichukua kisu cha kufumulia akampa binti yake.

"Fumua mikono na kola," alisema. "Polepole. Ukichana kitambaa, hatuna kingine."

Chapuchapu alifumua. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulima bustani, maana mama hushona mishono midogo isiyoachia. Vidole vilimuuma, shingo ikamuuma, na alipopita mbio mara moja tu, uzi ulikwama na kitambaa kikalia. Akapunguza mwendo. Siku mbili jioni zake zote ziliishia hapo. Mama aliifungua ile akiba ya kitambaa aliyozoea kuiacha ndani ya kila mshono, akapanua kiuno, akaweka kipande kwapani ili mikono iweze kuinuka. Mikono mirefu ikawa mifupi, na kile kilichobaki, pamoja na kola, kikawa mifuko miwili mipana.

Ijumaa mkunga alitoka nyuma ya pazia. Hakwenda kwenye kioo. Mikono ilishuka yenyewe nyongani, ikapata mifuko, ikazama. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akaitoa, akainyanyua yote miwili juu, gauni likamfuata bila kulalamika, akacheka kile kicheko cha nyumbani kwake, na fundi wa viatu aliye jirani akachungulia kuona kuna nini.

"Huyu sasa namjua," alisema. "Huyu ni mimi."

"Bibi," Chapuchapu aliuliza, "siku ile ulijua kwamba nimedanganya. Mbona hukusema?"

"Mimi ni mkunga, mjukuu wangu. Mtoto hasukumwi kabla ya wakati wake. Na ukweli ukiwa umeiva, anayeutoa ni mwenyewe aliyeubeba. Sisi wengine tunakaa karibu tu. Ila jua hili. Uchovu si dhambi. Ungemwambia mama yako, 'Nimechoka, sikufika,' angekutuma siku nyingine, basi. Ulikimbia kilima kimoja, ukapandisha watu watatu milima."

"Na kazi ya mtu," mama aliongeza, "usiifanye kwa kukisia. Ukikisia mtu, unamvisha mwingine."

Mkunga aliondoka na gauni lake mwilini, amekataa kabisa kulivua, mikono mfukoni. Mama aligeukia lile rundo la sketi za buluu ambalo wala halikuwa limepungua, akanyoosha mkono kuchukua ya juu. Chapuchapu akamtangulia. Alikivuta kile kigoda cha wateja katikati ya duka.

"Mama, kaa kwanza."

"Nina sare hapa, wee mtoto."

"Zitangoja. Kaa." Mama alikaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha kukubali kabla yake. Chapuchapu alilitazama lile gauni la mabaki, buluu hapa, nyeupe pale. "Wewe unapenda nguo ya namna gani?"

Mama alifungua mdomo kujibu haraka, akaufunga. Aliangalia mikono yake kwa muda.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuulizwa."

Chapuchapu alikaa sakafuni mbele yake, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa cherehani, akasubiri.