Mikeka Minane ya Bibi Nishigaki

Kila siku akirudi kutoka shule, Chizuru alivua viatu mlangoni, akavipanga, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mama yake. Mezani palikuwa na nyumba ndogo nyeupe za kadibodi, naye alipenda kuinama na kuchungulia kwenye madirisha yake. Mama yake, Bi Fumie, alikuwa msanifu majengo. Mwaka huo walikuwa wamehamia Kyoto kutoka Tokyo.

"Mama, mbona dirisha hili liko chini hivi?"

"Ili aliyekaa sakafuni aone bustani. Na wewe unauliza maswali kama polisi!"

Nyumba hiyo ilikuwa mfano wa nyumba mpya ya Bibi Nishigaki, mjane aliyeishi mtaa wa pili. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeoza kwa mvua, akakubali ibomolewe na kujengwa mpya ya zege na vioo. Ila alitoa sharti moja: chumba alichokunywa chai na marehemu mumewe kwa miaka hamsini kijengwe tena ndani yake vilevile kilivyo. "Hata paka wangu asijue tumehama," alisema. Bi Fumie akamwahidi.

Bi Fumie alikuwa amezidiwa na kazi, kwa hiyo alimtuma Chizuru akapime chumba hicho. "Tumia tepu. Ukuta hadi ukuta," alimsisitiza.

Chizuru alianza vizuri. Alipima kabati la chai, juu na chini. Kisha Bibi akaleta vitafunio vya maharage matamu, na uvivu ukaingia. Chizuru akatazama sakafu iliyotandikwa mikeka minene ya tatami. Ilikuwa minane. Huko Tokyo, urefu wa mkeka aliujua kwa kichwa: sentimita 176. Ya nini kuhangaika na tepu? Kila ukuta ulikuwa na urefu wa mikeka miwili; akapiga hesabu, akaandika kwenye daftari kwamba kila ukuta una sentimita 352. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kama mtu aliyepima kweli.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, alikata kikabati cha kadibodi akakiweka ndani ya ile nyumba ndogo. Loo! Kikagusa mlango.

Ajabu gani hii? Kwa Bibi, kati ya kabati na mlango palikuwa na nafasi, na paka Mame alipita hapo kila siku. Sasa atapita wapi? Chizuru alishika kisu. Angekipunguza kikabati kidogo tu, nani angejua? Lakini swali lilikataa kumtoka kichwani. Akakiweka kisu chini, akachukua tepu na kukimbia kwa Bibi Nishigaki.

Alipima mkeka mmoja. Sentimita 191! Akapima tena, hakuamini.

"Bibi, mikeka yako imerefuka?"

Bibi alicheka hadi akafuta machozi. "Hii ni mikeka ya Kyoto, mjukuu wangu. Ya kwenu Tokyo ni mifupi, sijui mnalalaje!"

Chizuru hakucheka. Akapima ukuta, akapata 382. Sentimita thelathini zilikuwa zimepotea, na asubuhi hiyo hiyo Fundi Shigezo, seremala wa mama yake, alikuwa anaanza kukata mbao za mwerezi za chumba hicho. Akaomba ruhusa, akatoka mbio hadi karakana.

"Fundi, usikate!" alipaza sauti.

Fundi Shigezo aliinua msumeno. Bi Fumie, aliyekuwa pembeni na michoro, akageuka. "Kuna nini?"

Chizuru alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, sikupima kuta. Nilihesabu mikeka, nikadhani ni kama ya Tokyo."

"Mazoea yana taabu," fundi alisema, akaweka msumeno chini. Bi Fumie alikunja michoro yake, na kwa siku tatu akachora upya. Jioni zote tatu Chizuru alikaa kwa Bibi na tepu yake, akipima kila ukuta mara mbili.

Nyumba ilipokamilika, Bibi Nishigaki alimweka Mame kwenye kizingiti cha chumba. Wote wakamtazama. Paka alinusa mkeka, akatembea taratibu, akapita kati ya kabati na mlango bila hata kugeuka, akajikunja pale pale alipozoea kulala. Bibi akaziba mdomo kwa mkono, akalia.

Bi Fumie alimshika mwanawe bega.

"Kukosea vipimo hata mimi nimewahi kukosea," alisema. "Kilichonikasirisha ni kuandika namba usiyoipima. Huo ni uongo, mwanangu, hata ukiandikwa kwa mwandiko mzuri. Lakini ulisema kabla ya msumeno, na hilo limekiokoa chumba hiki. Ubao ukishakatwa, samahani haiuungi."