Mlango wa Chumba cha Giza

Viatu virefu vilikuwa vimemchosha Mbeyu. Banda la kungojea feri pale Likoni lilijaa watu, jasho na marashi vikigombana hewani, na pa kukaa hapakuwa. Akaona boksi la barafu limewekwa chini. Akaketi juu yake.

"Dada, umekalia chaza wangu," sauti ikasema.

Akageuka. Kijana mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, suruali imeloa tope la mikokoni mpaka magotini.

"Nimewaua?"

"Bado. Nimewatoa Mtongwe wazima, nataka wafike Kisauni wazima."

"Wa supu?"

"Wa maabara."

Mbeyu akacheka, na hakuinuka. Walipovuka ng'ambo alikuwa na nambari yake na jina lake: Musyoka. Mbeyu mwenyewe alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kipevu, mkazi wa Timbwani, mrembo na mwenye habari kwamba ni mrembo.

Mapenzi yakapanda haraka. Jioni walikula viazi karai kando ya barabara, na Musyoka akamweleza kazi yake.

"Maji yakipata joto kupita kiasi, seli za chaza hutaabika. Zinatoa protini za kujiokoa. Huwezi kuziona kwa macho, kwa hiyo tunatumia kingamwili. Kati ya protini maelfu, yenyewe inaitafuta moja tu na kuing'ang'ania."

"Zile nyingine?"

"Inazipita."

"Laiti ningepata mwanamume wa hivyo."

"Umeshampata, laazizi."

"Tutaona," Mbeyu akasema, akamfuta ukwaju kidevuni.

Alikuwa ameshachomwa mara moja na mwanamume mwenye maneno matamu. Mtu aliyeungua hukagua hata uji uliopoa, na Mbeyu alikagua kila kitu. Kilichomkera zaidi ni simu. Kulikuwa na saa za mchana ambapo Musyoka hakushika simu kabisa. Siku moja ikashikwa, na sauti ya kike, laini kama hariri, ikajibu.

"Musyoka yuko chumba cha giza. Nami naingia huko sasa hivi. Nimwambie nani?"

"Wewe nani?"

"Ummi. Tunafanya kazi pamoja. Samahani, simu haziingii ndani."

Ikakatwa.

Chumba cha giza! Mbeyu hakumuaga hata bosi wake. Alipanda bodaboda, blauzi ya njano ikijaa upepo, na njia nzima hadi Kisauni alikuwa akimtukana Ummi moyoni, mwanamke ambaye hajawahi kumwona. Mlinzi akampisha. Mwisho wa korido palikuwa na mlango, na juu yake taa nyekundu inawaka. Kila mfanyakazi pale alijua maana yake: usifungue. Mbeyu aliiona, hasira zikazidi. Akausukuma mlango.

Watu wawili walikuwa wameinamia meza, bega kwa bega, katika mwanga hafifu mwekundu.

"Funga mlango!" wakapiga kelele kwa pamoja.

Hakufunga. Alipapasa ukutani, akawasha taa kubwa, amwone vizuri huyo Ummi. Akamwona: buibui jeusi, koti jeupe juu yake, glavu mikononi, na machozi yanaanza kumlenga.

Musyoka alikuwa ameshika filamu ndani ya beseni la dawa. Akaiangalia ikigeuka nyeusi tititi.

"Kingamwili ikishaikamata protini, tunatia dawa inayotoa mwanga mdogo," alisema polepole, bila kumtazama Mbeyu. "Filamu hunasa mwanga ule gizani. Hawa walikuwa chaza wa Machi, ule mwezi wa joto kali. Sampuli ya protini zao imekwisha. Kwa matokeo haya nilikuwa naitetea ajira yangu."

"Mbona hukuniambia kwamba huwa uko na mwanamke humu?"

"Mbona hukuniuliza? Nenda, Mbeyu."

Akaenda. Alipiga simu kutwa nzima, haikushikwa. Kesho yake pia. Hapo ndipo akafanya jambo ambalo wengi wetu lingetushinda: alimngojea Ummi langoni kwa maabara, badala ya kumtafuta mwanamume.

"Dada Ummi, nimekukosea. Nisamehe."

Ummi akaguna.

"Wallahi ulinitisha. Sikia, huyo bwana wako mimi simtaki. Anakula mhogo kwa mkate!"

"Na ile kazi?"

"Utando wenye protini, ile karatasi tunayoilazia filamu, bado tulikuwa nao. Tuliuosha, tukatia kingamwili upya. Mstari umetokea, hafifu, lakini upo. Joto liliwatesa chaza kweli. Ila ukituwashia taa tena, tutashikana."

Mbeyu akalia kwa shukrani. Nao wivu? Ulikuwepo palepale. Wivu hauondoki kwa sababu tu umeomba msamaha.

Jumamosi Musyoka akaja Timbwani, mkononi mkungu mdogo wa ndizi, usoni hana uhakika. Wakakaa barazani.

"Matokeo yamekubaliwa," akasema. "Nimepata mafunzo Kisumu. Miezi sita." Akaugeuzageuza ule mkungu. "Mimi na Ummi."

Mbeyu akakwanyua ndizi moja mkunguni, hakuimenya.

"Ndiyo maana nimekuja," Musyoka akaharakisha. "Twende kwa baba yako leo hii. Nitoe posa kabla sijaondoka, utulie."

Maneno aliyoyaota toka siku ya feri. Ungedhani angeruka. Mbeyu aliyatazama yale macho ya upole, akatamani kusema ndiyo mpaka akauma mdomo.

"Hapana."

"Hapana? Mbeyu, mimi nakupenda."

"Najua. Nami nakupenda mpaka naumwa. Lakini mahari ya kuninyamazisha siitaki. Leo utanituliza kwa posa, kesho utanituliza kwa nini? Nenda Kisumu. Ukirudi na nia hii hii, njoo na wazee wako."

"Na nisiporudi nayo?"

Mbeyu akanyoosha mkono, akamfungua kile kifungo cha shingoni kilichokuwa kikimkaba.

"Basi nitakuwa nimejua," akasema, "bila ya kukufuata."