Betri Zilizoanikwa Juani

Muindi wa Kibwezi alikuwa na ndege ya kufukuza ndege. Aliiunda mwenyewe, akaipaka rangi ya mwewe, akawa anairusha kwa rimoti juu ya shamba lao la mtama.

"Mimi nimeolewa na rubani," mkewe Kaluki aliwatania majirani. "Rubani wa mtama!"

Asubuhi moja, mtoto wao Kanini alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya shamba. Alipolia, Kaluki alimwinua amnyonyeshe. Hata hajakaa vizuri, ndege ikaacha kugeuka. Ikaja chini kichwakichwa. Pu! Pua yake ikatoboa mkeka, palepale kichwa cha Kanini kilipokuwa.

Kaluki alirudi nyuma na mtoto kifuani, akapiga yowe.

"Nimebonyeza, ikakataa!" Muindi alisema, akiukimbilia mkeka. "Na betri nilipima! Volti zilikuwa sawa!"

Jirani yao Nzilani, mwalimu wa umeme chuoni, alifika mbio. Aliifungua ile ndege.

"Injini ina betri yake," alisema. "Hizi nne ndogo ni za risiva, kidude kinachosikia rimoti. Mbona zinaonekana kuukuu?"

"Zilikuwa zimechoka, Mwalimu," Kaluki alijibu. "Nikazianika juu ya bati na zile za redio, kisha nikazirudisha. Si jua huzirudishia nguvu?"

"Nguvu ya uongo, Mama Kanini. Tena zikipata joto zinaweza kuvuja. Na wewe Baba Kanini, ulipima ndege ikiwa imelala. Punda asiye na mzigo huonekana mzima. Mtwike mitungi ya maji ndio umjue."

Aliweka mita ya volti kwenye betri, akamwambia Muindi achezeshe kwa rimoti vibao vya mabawa vinavyogeuza ndege. Volti zikaporomoka. Taa ya risiva ikazima, halafu ikawaka tena.

"Hapo ilipozima, ndege ilikuwa kiziwi," Nzilani alisema.

"Aiya! Kumbe ni mkono wangu!" Kaluki alimkumbatia Kanini, akalia.

"Na wangu," Muindi alisema.

Muindi alinunua betri ya risiva ya kuchajiwa. Siku hizi huichaji kwanza, kisha hupima volti mabawa yakicheza. Halafu Kaluki huishika ndege, naye Muindi huenda mbali akiwa na rimoti kuona kama bado inasikia. Hairushi juu ya watu kamwe. Msimu huo mtama uliingia ghalani, ndege wakaambulia masazo.

Mkeka una tundu mpaka leo. Kaluki amekataa kuliziba. Rubani wake akishika rimoti, kwanza huonyeshwa tundu hilo.