Kijiko cha Kwanza

Foleni ya mchana ilipokwisha pale chemist, chupa moja ilibaki juu ya kaunta. Chupa ya soda, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na inanuka dawa ya kuchua. Mutisya, mtoa dawa, akaitupa. Kesho yake aliikuta tena palepale.

Mjini, mtaa wa Baba Dogo, mwaka wa themanini na tatu, nani angekuja dukani na chupa yake? Hayo ni mambo ya mashambani. Huko Ukambani Mutisya alitoa dawa kwenye zahanati miaka tisa. Watu walimjia na chupa zao, akiwajua wote kwa majina, na kijiko cha kwanza sharti mgonjwa akinywe mbele yake. Ukikosea huko, kosa lina mama, na mama anaujua mlango wako. Mjini je? Wafanyakazi wa viwandani wanapanga foleni saa ya chakula, unawapa, wanapotea. Ukikosea, kosa linapanda basi na kushuka usikokujua. Ndiyo maana alihamia, mwoga yule! Watu aliwaambia ni mshahara.

Siku ya tano akasikia mtoto akikohoa chini ya kaunta. Aliinama, hapana mtu, ila harufu ile ikampanda puani, ikamfuata hadi nyumbani, ikaingia kwenye chai, kwenye blanketi, kwenye nywele za bintiye Koki, ambaye jioni hiyo alishikwa na homa kali na kukataa kila dawa aliyopewa, akilia, "Inanuka, baba, inanuka."

Mkewe, Mbeti, akaenda kununua nyingine mtaa wa pili, Lucky Summer. Nayo ilinuka vilevile.

Wakamwita jirani yao Hashi, mzee muuza vitambaa aliyejua kisomo cha kupunga majini. Hashi alisoma hadi jasho likamtiririka, kisha akafunga kitabu.

"Huyu jini simwezi," alinong'ona. "Anasema amemleta mtoto. Baba Koki, mtoto wa nani?"

"Sijui, mzee."

"Sema, bwana! Wako huyu anatutoka!"

Koki alikuwa amegeuza macho. Ndipo Mutisya akayatapika yote. Siku ya kuhama, lori likipiga honi, mama mmoja, Syombua, alimletea mtoto anayekohoa, na chupa. Kwa haraka akamjazia dawa ya kuchua badala ya ya kikohozi, na hakungoja mtoto anywe. Hawajavuka hata mto, akakumbuka ni mtungi gani alioushika. Hakumwambia dereva asimame. Habari za msiba zilimfika baada ya wiki, akanyamaza.

Dirisha likajibamiza. Harufu ikakatika ghafla. Koki akaomba maji, akanywa na dawa, akalala.

Mutisya alilia kwa furaha, akanyoosha mikono ambebe. Mbeti akamvuta mtoto kwake.

"Usimguse."

Koki alipopona, Mbeti alifunga mizigo yake na ya mtoto, aende naye kwa Syombua kumwambia ukweli. Mutisya akamsihi, "Mama Koki, tafadhali, twende pamoja."

"Ungeshuka kwenye lori," Mbeti alimjibu, akafunga mlango.