Kitambaa cha Mama Mkwe

Kitambaa kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana kilitoka chini kabisa ya sanduku. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi, na aliyeivua bado yumo chumbani.

Sindano, walivyomwita kwa ushonaji wake na kwa ulimi wake, alikikung'uta akasonya. Mama mkwe alikwisha kuzikwa, mawifi wakajigawia vyombo, yeye wakamwachia matambara. Vizuri. Wajinga hutupa, wenye akili hushona. Kwake yeye, anayenunua nguo mpya hali kabati limejaa kuukuu alikuwa punguani tu mwenye risiti.

"Hicho chekundu usikiguse," wifi yake mkubwa alimwambia kwa sauti ya chini. "Mama hakuwa anakivaa. Alikuwa anamtunzia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Wifi alitazama pembeni. "Unajua."

"Jini?" Sindano alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Jini gani hilo, fukara, mpaka litunziwe nguo na kikongwe? Nenda zako, wifi. Nina kazi."

Mkasi ukapita. Kipande kikubwa kikawa gauni la binti yake, kilichofuata foronya za kochi, na makombo yakawa vishikio vya sufuria. Alijisifu mwenyewe, kwa kuwa hakumwona mwingine anayestahili kumsifu.

Mambo yakaanza mchana kweupe. Mto wa kochi ulibonyea katikati, kama umekaliwa na mtu mzito. Akaunyoosha. Ukabonyea tena. Jikoni kukaja harufu ya nywele zinazoungua, na jiko limezimwa. Kisha, akiwa anapiga pasi, akasikia cherehani chumba cha pili, tak-tak-tak, mwendo wa mtu asiye na haraka, akaenda na matusi tayari mdomoni akidhani ni mtoto anachezea, akakuta pedeli inapanda na kushuka yenyewe, gurudumu linazunguka, sindano inadunda bila uzi, na binti yake amesimama kando ndani ya gauni jekundu, mikono nyuma, kidevu juu, mdomo umepindwa vilevile alivyoupinda marehemu bibi yake, na macho hayapepesi.

"Huu ndio mshono?" mtoto alisema, kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyechoshwa na watu. "Kuku angeshona kwa mguu, akakushinda."

Sindano alimrukia amvue. Vifungo vikagoma. Pindo lilikuwa limeshikana na ngozi, na alipovuta, mtoto alilia kwa sauti yake mwenyewe: "Mama, unanichuna!"

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene wa miwani. Aliliangalia kochi, akachagua kusimama.

"Aliyekata ndiye afumue," alisema. "Bila mkasi. Kisha ukiunganishe kitambaa chote kiwe kimoja, kwa mkono."

"Na wewe tumekuitia nini?"

"Nitamshika mtoto. Endelea tu kujibu hivyo."

Sindano alifumua kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu, mtoto akitetemeka, na kila uzi ulipochomoka kitu kiliguna kwa dharau karibu na shingo yake, hata vidole vikawa kama si vyake tena, hata gauni likamwachia mtoto, likarudi kushikana na foronya na vishikio kwa mkono wake, na kitambaa kilipolala kizima sakafuni kikajiinua katikati, taratibu, kama mtu anayejitanda.

"Umepata nguo yako," mganga alisema. "Toka."

"Lisinipande mimi tu," Sindano alinong'ona.

Kitu kikacheka, bila mdomo. "Wewe? Kwa mama mkwe wako nilikaa, alikuwa nyumba. Kwako nitaingilia wapi? Umejaa wewe tu."

Mlango ukajifungua. Harufu ikatoka. Kitambaa kikaanguka, kimepoa, na mganga akakikunja akaondoka nacho.

"Jini lenyewe halina adabu!" Sindano alisema, hofu ikigeuka hasira. Akachukua gauni la zamani amvishe mwanawe. Mtoto akajificha nyuma ya shangazi yake.

"Sitaki. Anivishe shangazi."

"Njoo, mwanangu. Limeshaondoka."

Mtoto alimtazama kwa macho yake mwenyewe, maangavu, yaliyojaa machozi.

"Najua limeondoka," alisema. "Umebaki wewe."