Kangaga Lililogandishwa

Walikutana katika duka la vitambaa, mchana ambao watu wamejaa kama siafu, kila mmoja ameshika ncha ya jora lile lile la sufu nzito.

"Niachie, dada. Mimi mshonaji, nina mteja ananisubiri."

"Na mimi nina baridi, kaka. Mimi mtafiti, kazini kwangu nagandisha makangaga nione yanavumilia vipi."

"Unagandisha mimea? Imekukosea nini?"

Akacheka, gauni lake la manjano likimchezea magotini. Mshonaji akamsahau mteja. Sufu ile akamshonea yeye koti, na vipimo akavichukua mara mbili, eti utepe ulikuwa umepinda.

Simu zikaanza.

"Umekula, Malkia wa Baridi?"

"Bado, fundi wangu. Nasubiri majani yangu yayeyuke."

Sauti ile ilimkaa masikioni kutwa nzima, akawa anashona kama mtu anayeelea. Akamnunulia kangaga la chunguni, majani laini kama manyoya, akampelekea mwenyewe.

Miezi ikapita kama usingizi mtamu. Halafu siku moja akamtembelea maabara bila kumwarifu, akalikuta kangaga lake mezani, jeusi, limelegea kama mboga iliyoiva kupita kiasi.

"Zawadi yangu umeiua?"

"Nililigandisha, mpenzi. Aina hii sikuwa nayo, nikataka kujua..."

"Kesho utanigandisha mimi ujue navumilia vipi!"

Akaondoka. Simu akawa hapokei. Dada yake, mtia vifungo, akamwonya, "Hasira hasara, kaka. Shati hilo umelishonea mikono miwili ya kushoto."

Jumamosi asubuhi mtafiti akasimama mlangoni, kilemba upande, macho mekundu, sahani ya kioo mkononi.

"Nimekosa. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Lakini tazama."

Ndani mlikuwa na vijani vidogo kama ukucha wa mtoto, kila kimoja na umbo la moyo.

"Kangaga huanza maisha hivi, kabla ya kuota majani. Hivi nilivipanda mapema kwa vumbi la uzazi lililotoka kwenye majani ya lile lako. Nikavipa baridi ile ile iliyoliua, vikaamka vizima. Vichanga hivi ndivyo vigumu."

"Na hivi navyo umevigandisha?" Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Mwanamke wewe hukomi!"

"Sikomi. Ndiyo maana nakwambia mapema: tukioana, friji yetu haitakuwa ya chakula tu."

Cherehani ya dada mtu ikanyamaza.

"Friji yetu?" mshonaji akauliza polepole.

"Yetu."

"Jibu basi, kaka!" dada yake akafoka.

Akaupokea mkono wa mtafiti, wa baridi kama kawaida, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Tutanunua mbili," akasema.