Cherehani Yenye Mdai

"Notisi ya Kukamata Mali Inayohamishika: Cherehani Moja, Nyeusi, ya Miguu."

Dalali alikuwa ameibandika kwenye mlango wa Mutanu, fundi wa nguo pale Nunguni, na kuipiga muhuri mara tatu, kana kwamba cherehani ingekata rufaa. Mdai: mzee Nyamai. Walimzika Machi. Lakini ada ya notisi ilishalipwa, na ofisini hilo ndilo swali pekee.

Kalunde aliisoma jioni ukungu ukishuka. Cherehani hiyo aliinunua kwa Mutanu Januari, akalipa yote, kisha akamwachia Mutanu amalizie sare za kwaya. Wote wawili waliimba alto. Nani angemwandikisha mwenzake mkataba?

"Ibebe sasa hivi, dada," Mutanu alinong'ona. "Kabla dalali hajarudi."

"Si utamwambia ni yangu?"

"Wewe beba tu."

Hakumtazama usoni.

Kalunde aliifunga kwenye wilbaro, akashika njia ya Kilungu. Mbele kidogo, pedali ikaanza kucheza.

Ta... ta... ta-ta-ta.

Akasimama. Ikasimama.

Harufu ya ugoro ikamjia. Kitu kikagonga ndani ya droo. Akaifungua: pembe ya mbuzi iliyozungushiwa uzi mwekundu. Kithitu. Kiapo ambacho Mkamba hakigusi hata kwa koleo.

"Hiyo ni yangu," sauti ikasema nyuma yake.

Hakugeuka. Sauti aliijua.

"Mzee Nyamai... mimi nilinunua. Nililipa yote."

"Ulimlipa nani? Kabla yako Mutanu aliapa juu ya hiyo pembe: nisipolipwa, cherehani ni yangu."

"Basi kamdai Mutanu!"

"Nimekaa kwake tangu Machi." Kicheko kikavu. "Leo amenielekeza kwako."

Kalunde aliiacha wilbaro papo hapo, akakimbia kurudi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Mutanu! Fungua! Ulijua?"

Ndani, Mutanu alianza wimbo wa sifa. Kila Kalunde alipogonga, aliimba kwa nguvu zaidi.

Kalunde alipofika nyumbani kwake, cherehani ilikuwa sebuleni. Uzi mwekundu ulikuwa umeshatungwa kwenye sindano.

Kesho yake dalali aliandika, "Mali haikupatikana," akafunga faili.

Kilichotokea ni hiki: Mutanu aliweka cherehani rehani kwa Nyamai kwa kiapo, akamuuzia Kalunde bila kumwambia, na jioni ile akamkabidhi mali pamoja na mdai.